Pointi krokodili na uzi uliobakia: namna ya kuijaribu bila uzi kukuishia njiani

Nilikuwa na nusu ya peloti (donge la uzi) ya rangi ya bordo, ilibakia kisha kumaliza boneti ya mtoto wa yaya wangu, na ile bordo nimeitafuta Kadutu nikaitafuta Nyawera, hapa Bukavu, kila mama muuza uzi ananitolea nyekundu ananiambia "si ni ileile?" Si ileile. Ata ukikuta peloti ya fabriki moja yenye jina moja la rangi, angalia nambari ndogo iliyoandikwa ku karatasi yake, ile ya mara waliyopika rangi, juu kama zinatofautiana utakuja kuona mustari katikati ya kazi yako jua likipiga. Kwa hiyo nilikuwa na ule uzi tu, hakuna mwingine. Na njo na ule uzi nikaamua kujaribu pointi krokodili, pointi ya kroshe yenye inakula uzi kuliko zote ninazozijua. Akili hakuna, najua.

Kama huijui, ni ile inatoka na magamba yanapandana kama ya tilapia, yale wamama wanaparuza na kisu pale sokoni yanaruka yanakushika ku viatu. Wengine wanaita pointi ya magamba. Ukiiangalia ku picha unasema hii haiwezekani, lakini ndani yake hakuna kitu kipya, ni shenete na bridi tu (nitazieleza chini), sema zile bridi huzipigi ku kichwa cha mustari wa chini kama siku zote, unazipiga zikizunguka mguu wa bridi nyingine. Ugumu wa kweli ni mbili: kugeuzageuza kazi mu mkono, na uzi. Mkono utazoea kisha magamba 4 ao 5. Uzi hauzoei kitu, ukiisha umeisha.

Mara ya kwanza niliingia bila kupima, nikataka pochette (kamfuko) ya telefone yenye magamba uso mzima. Uzi ukakatika mustari wa 9 wa magamba, bado mistari 3. Nikafumua yote. Yote, ma saa mingi ya kazi, na umeme ulikuwa umekatika, nilifumua na mwangaza wa telefone. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mara ya pili, ile iliyotoka muzuri.

Maneno kwanza, ili tuelewane

Huku kwetu tulifundishwa kroshe kwa majina ya kifaransa, nitayatumia. Shenete ni ule mnyororo wa kuanzia. Maye kule ni ile ya kutelezesha tu, unaingiza sindano, unavuta uzi, unaupitisha palepale. Maye sere ni fupi. Bridi ni ile ndefu: unazungusha uzi mara 1 ku sindano, unaingiza, unavuta, uko na 3 ku sindano, unapitisha 2, tena 2.

Angalisho kwa wenye wanaangalia video: bridi yetu, wa Marekani wanaiita double, lakini wa Uingereza wanaiita treble, na double ya Uingereza ni maye sere yetu. Kama umefuata modeli na kazi inatoka fupi fupi kama imenyweshwa dawa, mara mingi ni hapo. Mu michoro, bridi ni alama ya T yenye kamustari kamoja kanakata shingo yake, na mchoro hauna shida ya luga, njo maana mega za internet zikiwa kidogo miye napiga picha ya mchoro naacha video.

Sindano, kama uzi wako ni wa unene wa katikati, ule wa boneti za watoto, chukua namba 4. Yangu ilikuwa 4. Uzi wenye manyoya manyoya achana nao kwa pointi hii, magamba hayataonekana na kufumua itakuwa kilio.

Pima uzi kabla ya yote

Hii sehemu watu wanairuka, na njo yenyewe. Kama uko na mutu mwenye mizani ndogo ya dijitali, zile za kupimia dhahabu, omba akupimie peloti, soma ku karatasi yake gramu ngapi ni mita ngapi, piga hesabu. Kama peloti ya gramu 50 iko na mita 120 na yako inapima gramu 12, uko na karibu mita 29. Lakini karatasi mara mingi imepotea na mizani hatuna, kwa hiyo tunatumia kiti.

Chukua kiti cha mbao, pima na mita ya fundi mzunguko wa mgongo wake. Changu ni sm 90. Zungusha uzi ukihesabu kwa sauti, na usivute, juu uzi wa akriliki unanyooka, ukivuta utajidanganya uko na mingi. Nilipata mizunguko 31, ni sm 2790, tuseme mita 28. Hapo toa sehemu 1 ya 10 ya mikia, ya vifundo, ya makosa. Nikabakia na mita 25 za kutumia.

Sasa tafuta gamba moja linakula ngapi. Usitumie sm zangu, mkono wangu si mkono wako, kuna watu wanakaza kuna watu wanalegeza. Fanya shenete 16, piga mustari wa miguu na mustari wa magamba kama nitakavyoeleza chini, na uzi wako uleule ao mwingine wenye unene sawa, itatoka magamba 3. Pale unapoanza gamba la pili funga kauzi ka rangi nyingine ku uzi unaotumia, pale linapoishia funga kengine. Fumua, nyoosha, pima katikati ya vile viuzi viwili. Kwangu gamba 1 lilikula sm 70. Fanya hivyo hivyo kwa miguu yake, ile bridi 2 pamoja, bridi 1 peke yake na shenete 4: sm 25. Jumla sm 95 kwa kila gamba.

Hapo njo utaelewa ule mustari wa 9. Uso mzima wa pochette ulikuwa unaomba mistari 12, magamba 42, ni karibu mita 40, na miye nilikuwa na 28. Ata ningesali. Wakati mita 25 zikigawanywa kwa sm 95 zinanipa magamba 26, si kidogo, unaweza kufanya kitu kizuri na 26. Kwa hiyo nikaacha uso mzima, nikasema magamba yatakaa ku kifuniko tu, yale 18, na mwili wa pochette nitaufanya na vipande vya rangi zote zilizokuwa mu mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Na unajua, ilitoka muzuri kuliko ile ya kwanza, magamba kila mahali ilikuwa nzito, telefone ilikuwa inakaa kama imevaa koti mbili.

Anzia ku mdomo wa kifuniko

Kitu kimoja hakuna mwenye aliniambia: gamba, ncha yake inaangalia kule ulikoanzia, si kule unakoenda. Ukianzia pochette chini ukapanda mpaka kifuniko, kifuniko kikipinduka magamba yataangalia juu, kama samaki amepapaswa kinyume. Kwa hiyo unaanzia ku mdomo wa kifuniko, ile sehemu inayoning'inia mbele, unapanda na magamba mpaka kwenye mkunjo, kisha unaendelea na mgongo, unazunguka chini, unarudi na uso. Kipande 1 kirefu. Na ina faida ya pili, magamba unayafanya kwanza ungali na uzi wote, kama umekosea hesabu unajua mapema.

Shenete 22. Hiyo ni 19 za kazi (6 mara 3, ongeza 1) na 3 za kupanda.

Mustari wa 1, wa miguu. Huu ni upande wa nyuma. Piga bridi 1 ku shenete ya 4 kutoka sindano. Zile 3 ulizoruka zinahesabiwa bridi, kwa hiyo hapo tayari uko na bridi 2 zimesimama pamoja, njo miguu ya gamba la kwanza. Sasa: shenete 2, ruka 2, bridi 1, shenete 2, ruka 2, bridi 2 ku tundu moja. Endelea hivyo, moja, pacha, moja, pacha, mpaka mwisho. Mwisho ni pacha. Hesabu: mapacha 4, za peke yake 3. Kama umepata tofauti simama, fumua sasa, usiseme nitarekebisha mbele.

Mustari wa 2, wa magamba, upande wa mbele. Geuza kazi. Shenete 1, haihesabiwi. Una pacha mbele yako, mguu wa kulia na mguu wa kushoto, vizuri. Sasa zungusha kazi nzima mu mkono ili kichwa cha kazi kiangalie kulia, ule mguu wa kulia utalala kama fimbo mbele yako. Zungusha uzi ku sindano, pitisha sindano chini ya ule mguu, iingie upande moja itokee upande mwingine ikiwa imekumbatia mguu wote, vuta uzi, maliza bridi. Piga 5 hivyo, ya kwanza karibu na kichwa, ya tano karibu na chini. Zitabanana, ni sawa, sukuma na kidole. Shenete 1, hiyo njo ncha ya gamba. Sasa geuza kazi upande mwingine, kichwa kiangalie kushoto, na upige bridi 5 ku mguu wa pili, ukianzia chini ukipanda. Umeshuka mguu moja umepanda mwingine. Kwa wenye mkono wa kushoto geuzeni kulia na kushoto katika hii aya yote.

Ukifika juu, maye kule ku kichwa cha bridi ya peke yake inayofuata. Inafunga gamba, lisifunguke kama mdomo. Kisha pacha inayofuata, vilevile. Gamba la mwisho, maye kule pale juu ya mguu wake wa mwisho. Magamba 4.

Hilo gamba la kwanza la maisha yako litakuwa baya. La kwangu lilikuwa kama sikio la mbuzi. Usilifumue, fanya la pili, la tatu, kisha rudia kuliangalia, mara mingi si baya, ni lile halijavutwa tu, chukua ncha yake vuta kidogo chini.

Mustari wa 3, miguu tena, upande wa nyuma. Geuza. Hapa njo magamba yanahama nafasi ili yapandane, kwa hiyo palipokuwa pacha sasa unaweka moja, palipokuwa moja unaweka pacha. Shenete 3 (bridi ya pembeni), shenete 2, bridi 2 ku kichwa cha ile ya peke yake, shenete 2, bridi 1 katikati ya gamba. Katikati ya gamba maana yake nini? Pale katikati ya miguu miwili ya pacha kuna katundu, sindano inapita mule. Ukiangalia kazi kwa nyuma unakaona vizuri kuliko kwa mbele. Endelea, mwisho ni bridi 1 ku gamba la pembeni. Mapacha 3, za peke yake 4 pamoja na zile za pembeni.

Mustari wa 4, magamba. Geuza, maye kule 2 juu ya zile shenete 2 ili ufikie pacha ya kwanza, kisha gamba, maye kule ku ya peke yake, gamba, mpaka mwisho. Magamba 3. Funga na maye kule pembeni.

Mustari wa 5: geuza, shenete 3 na bridi 1 palepale pembeni, hiyo ni pacha, kisha shenete 2, bridi 1 katikati ya gamba, shenete 2, bridi 2 ku ya peke yake, na kuendelea, unamaliza na pacha. Ni kama mustari wa 1. Na kuanzia hapo unarudia 2, 3, 4, 5. Magamba 4, 3, 4, 3, 4, jumla 18, unafikia mustari wa 10. Kwangu kifuniko kilitoka sm 7 urefu na 11 upana.

Miguu daima upande wa nyuma, magamba daima upande wa mbele. Ukiona magamba yako yametokea upande wa pili, kuna pahali uligeuza mara mbili ao hukugeuza, mara mingi ni pale uliitwa kuangalia sombe ku moto ukarudi ukashika kazi kinyume.

Fundo la nusu

Kadiri uzi unavyopungua roho inaanza kudunda. Kuna kitu wanakifanya wenye kufuma, ni rahisi kabisa: chukua uzi wote uliobakia, kunja katikati, pale katikati funga fundo legelege. Fanya mustari wa miguu pamoja na wa magamba. Ukimaliza bila kufikia fundo, iko ya kutosha kwa mara nyingine kama hiyo. Ukilifikia kabla, basi huu ndio wa mwisho, usianze mwingine. Sema ukumbuke kwamba mustari wa magamba 4 unakula zaidi ya wa magamba 3, kwa hiyo kama ulipima ku wa 3, usijiamini.

Na kama hesabu inakataa kidogo? Kuna mahali pa kubana. Unaweza kupiga bridi 4 ku kila mguu pahali pa 5, unapunguza kama sm 13 kwa kila gamba, lakini gamba linakuwa jembamba na miguu inachungulia nyuma yake. Miye siipendi. Ninapenda zaidi kufanya mistari ya miguu na uzi mwingine, rangi inayofanana kidogo ao ata ile rangi mbaya hakuna anayeitaka, juu miguu inafunikwa. Sm 25 kwa 95, ni robo ya uzi umeokoa. Kwa magamba 18 ni mita 4 na nusu.

Lakini usifikiri utazipandisha zile rangi mbili pembeni bila kukata, nilijaribu, haiwezekani. Mustari wa miguu unaishia upande moja, wa magamba unaanzia hapo unaishia upande ule mwingine, kila rangi inabakia inangojea kwake, kama Bukavu na Cyangugu ya Rwanda wanaangaliana juu ya mto Ruzizi. Kila mustari utakata, kila mara mikia 2 ya sm 12. Mistari 5 ya magamba, ni mita 1 na sm 20 ya mikia. Bado umeokoa mita 3 na kitu. Kama hiyo mita 3 huihitaji, acha, juu kuficha mikia yote ile na sindano ya kushonea ni kazi nyingine nzima.

Kuunganisha uzi: ule mtindo wa kulowesha ncha mbili na mate ukisugua mu viganja mpaka zishikane, unakubali ku sufu ya kweli tu, ya kondoo. Mingi ya hizi tunazouziwa sokoni ni akriliki, utasugua mpaka usiku. Funga fundo dogo, mikia uifiche ndani ya gamba, gamba limenona, linaficha kila kitu.

Mwili

Kisha mustari wa 10, kata bordo, acha mkia, weka rangi nyingine. Upande wa nyuma: shenete 3, kisha bridi 2 ndani ya nafasi ya zile shenete 2 za mustari wa miguu (ziko nyuma ya magamba, kunja magamba mbele utaziona), bridi 1 ku ya peke yake, bridi 2 ku nafasi, bridi 1 katikati ya gamba, hivyo hivyo mpaka ng'ambo. Itatoka 19. Kama si 19 kuna nafasi uliruka.

Kutoka hapo ni bridi 19 kwenda bridi 19 kurudi, unaweza kuongea na watu, unaweza kuangalia seri. Pima na telefone yenyewe: mgongo urefu wa telefone na sm 1 juu yake, uso urefu wa telefone kasoro sm 1. Yangu ilikuja jumla sm 33, mistari 30. Bridi 1 kwangu ni kama sm 6 za uzi, kwa hiyo bridi 570, mita 34 za vipande. Ndiyo, vipande mita 34. Niliweka mistari ya kijivu, maziwa, kijani ya puluveri ya shule ya zamani, kila rangi mistari 2 ao 3 mpaka ikaisha. Kanuni yangu moja: kipande kisichoweza kumaliza mustari mzima sikianzi. Mustari 1 ni mita 1 na sm 14, unakipima kwanza.

Kwa wasio na vipande: friperi, yaani nguo za mitumba. Puluveri ya zamani yenye doa ao tundu inauzwa bei ya chini, lakini angalia mshono wa pembeni kabla ya kulipa. Kama pembeni imekatwa na kushonwa na mashine ya zigzag, ukifumua utapata vipande vifupi vya upana wa puluveri, kila mustari kimoja, haifai. Tafuta yenye pembeni zinaonekana zimefumwa kila kipande peke yake kisha zikaunganishwa, ile inafumuka kama mto.

Uzi uliofumuliwa unatoka na mawimbi, ukiufuma hivyo magamba yanakaa kama nywele zisizochanwa. Uzungushe tena ku mgongo wa kiti, funga mahali 4 na kauzi kengine ukilegeza, utoe, loweka mu maji ya uvuguvugu kama nusu saa, ukamue kwa kubonyeza bila kusokota, uning'inize. Hapa Bukavu mu mvua inachukua siku 2. Usiharakishe na pasi. Pasi na akriliki haviongei, uzi unalala, unang'aa, na haurudi tena kama ulivyokuwa. Ata kwa pochette iliyomalizika, pasi hapana.

Kufunga

Kunja uso juu ya mgongo, upande wa nyuma kwa ndani, shika na pini. Unganisha pembeni na maye sere ukipitisha sindano pande zote mbili, kila bridi 1 ya pembeni unaweka maye sere 2. Hapa nilirudia bordo ili ionekane ilipangwa toka mwanzo, pembeni mbili zilikula karibu mita 2 na nusu. Kamba ya begani nilikuwa naitamani lakini nikapima: shenete ya sm 35 na kurudi juu yake na maye kule, mita 2 na nusu tayari. Ya begani ingenila zaidi ya mara 3. Nikaweka ya mkononi.

Butoni, na hapa pointi krokodili inakupa zawadi, huhitaji kufanya tundu. Mustari wa pili wa magamba uko na magamba 3, lile la katikati liko katikati kabisa ya kifuniko. Funga kifuniko, pitisha penseli katikati ya miguu miwili ya lile gamba, inagusa wapi ku uso? Shona butoni pale. Chagua butoni isiyozidi sm 1 na nusu, na iwe na kashingo nyuma, ao uishone na uzi umelegea uuzungushie chini, juu gamba ni nene. Yangu niliitoa ku shati ya zamani ya muzee wangu, bado hajaulizia.

Bordo ilibakia mita 5 na kidogo. Iko ndani ya bahasha, nimeandika juu yake mita ngapi na sindano namba ngapi.